Sajenti na Swali la Mayu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba msituni kuna kelele kuliko soko la Mirongo siku ya kuamkia sikukuu alikuwa Sajenti. Nilikuwa nimemuuliza, kwa ujinga wangu, kama ule ukimya wa porini haukumtesa. Alicheka mpaka akashika meza yangu ya kukatia nguo. "Ukimya gani, Fundi? Kuna vyura, kuna nyani, kuna wadudu wa kila namna, halafu mvua kwenye majani. Unaweza kupiga kelele humo na mwenzako asikusikie. Walionyamaza ni sisi tu." Kisha akanyamaza kweli, akachukua suruali yake, akaondoka bila kuaga.

Jina analo, na barua za pensheni zilikuja na jina hilo, lakini mtaani kwetu Nyakato hakuna aliyelitumia. Alikuwa Sajenti, mstaafu, mgane, mwenye binti mmoja aliyeolewa Geita. Alipigana miaka ile vijana wetu walipokuwa wakipelekwa kwenye misitu ya mashariki ya Kongo, vita ambavyo sisi huku tulivisikia redioni mpaka tukachoka. Mara waasi wamefukuzwa, mara wamerudi, mara kilima kimetekwa, na baada ya muda kilima kilekile kimetekwa tena. Mdogo wangu Makoye alikuwa chini yake, katika seksheni yake. Makoye alirudi kwenye sanduku. Sajenti alirudi kwa miguu yake, na alipostaafu akaja kupanga nyumba jirani na yetu, katika mji ambao hakuwa na ndugu hata mmoja.

Mama yetu, ambaye sisi tulimwita Mayu kama Wasukuma wengi wanavyowaita mama zao, alikuwa na swali moja kwa mtu huyu. Mwanangu alikufaje? Basi. Waliolileta sanduku walisema amekufa akitekeleza majukumu yake, wakapiga saluti, wakapanda gari lao. Mayu alisema hayo ni maneno ya kuambiwa kila mama, yeye anataka ya Makoye. Na mtu aliyekuwa karibu na Makoye siku hiyo ni huyu huyu aliyekuwa akituletea sato kila Jumamosi, akizungumza habari za kila kitu isipokuwa hiyo. Nilimpenda na nilimchukia, mara nyingi siku hiyo hiyo moja.

Ngoja nimweleze alivyo. Mfupi, mabega mapana, kichwa kimeanza kupata mvi pembeni. Anatembea kama mtu anayeujaribu udongo kwanza kabla ya kuukabidhi uzito wake. Barabara yetu ni ya kokoto na ukipita watu wote wanajua umepita, ila Sajenti akipita husikii kitu. Alikuwa ananitia presha. Nainua macho kutoka kwenye cherehani, huyu hapa mlangoni, sijui kafika saa ngapi. Siku moja nikamwambia, "Sajenti, nakuomba kwa heshima zote, kohoa! Nitakuja kujishona kidole." Tangu siku hiyo akawa anakohoa akifika kwenye nguzo ya umeme, kikohozi cha uongo, kama cha mtu anayetaka kujua kama bafuni kuna mtu.

Kazi ya kwanza aliyoniletea ilikuwa ya ajabu. Suruali tatu za kawaida, nzima, hazina hata uzi uliofumuka. Alitaka kila mfuko nimshonee kitambaa kingine laini ndani, ili funguo na sarafu zisilie akitembea. Nikamwambia, "Hapa Nyakato nani anakuvizia, bodaboda?" Hakucheka. Akasema we shona tu, Fundi. Nikashona. Alipozijaribu aliruka ruka mbele ya kioo changu na funguo mfukoni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa ameridhika. Wateja wangu wawili waliokuwa wanasubiri walidhani ni mwendawazimu, na mmoja hakurudi tena.

Alioga kwa sabuni ya mche miaka yote. Alisema msituni mtu aliyeoga kwa sabuni ya kunukia anajulikana kabla hajaonekana, na aliwahi kumrudisha kambini kijana mmoja aliyepaka mafuta mazuri asubuhi ya doria. Lakini Jumapili, loh! Jumapili Sajenti huyo huyo alijimwagia marashi mpaka kwaya ikapiga chafya. Nilipomuuliza mbona anajipinga mwenyewe, alijibu kwamba siku sita zinamtosha kujificha. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mgongo ukutani, na alitoka wa kwanza. Paroko alidhani hapendi mahubiri.

Wanaume wa pale grosari walimtaka sana. Walikuwa tayari kumnunulia soda mpaka jioni, maana bia hakunywa, ili tu awasimulie vita. Walitaka milipuko, walitaka mtu anaruka na bunduki mbili. Sajenti akawasimulia soksi. Namna mvua inavyonyesha wiki nzima bila kupumua, buti zinaoza, soksi inaganda kwenye ngozi, na siku ukiivua inatoka na ngozi yenyewe. Namna umbali wa kutoka hapa mpaka Igoma unavyoweza kukumalizia siku nzima, kwa sababu njia huitumii, njia ni ya kufia, unakata msitu hatua kwa hatua na huyo wa mbele mnapokezana naye panga. "Sasa adui yuko wapi?" mmoja akauliza, amechoka na soksi. Sajenti akamwambia, "Adui nilimwona kwa macho mara chache kuliko ninavyomwona mwenye nyumba wangu. Unaona majani yanatikisika. Unapiga majani. Na yeye huko anapiga majani uliyopo wewe." Yule jamaa alidai soda yake.

Hadithi moja ya kilima aliisimulia kwa furaha, na mimi nilikuwepo, nimekwenda kudai hela ya nguo. Waliparamia kilima alfajiri, chini ya risasi, kwa matumbo, wakishika mizizi. Walipofika juu waasi walikuwa wamekimbia, wameacha sufuria ya maharage jikoni, inatokota, harufu ya kitunguu. Watu wake hawakuwa wameonja chakula cha moto muda mrefu. Sajenti akakataza, pengine kuna sumu. Basi wanaume wazima wakaizunguka sufuria wakaitazama mpaka ikapoa. Baada ya muda zamu ikawageukia. Walikuwa hapo hapo juu, wao sasa ndio wanapika maharage, wakashambuliwa kwa nguvu ikabidi washuke mbio na sufuria wakaiacha. "Na wale nadhani hawakula," akasema. "Nadhani nao walisimama wakaitazama." Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka, ila kicheko chake kiliisha mapema.

Alikuwa na swali lake alilomuuliza kila mtu mwenye mpango wowote. Nani yuko nyuma yako? Bwana harusi anampa kadi ya mchango, yeye anamuuliza nani yuko nyuma yako. Jirani anataka kuchimba kisima, nani yuko nyuma yako. Wakienda mstari mmoja msituni, alisema, kazi ya kila mtu ni kugeuka kila baada ya muda na kuhakikisha wa nyuma yupo. Ukigeuka humwoni, unasimama, na mstari wote unasimama. Nilipotaka kufungua duka la pili kule Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi, akaniuliza na mimi. Nikamjibu kwa ukali kwamba nyuma yangu yuko Mungu. "Mungu sawa," akasema. "Ukiugua malaria, duka atafungua Mungu?" Sikuongea naye siku mbili. Halafu nikatafuta msichana mwaminifu nikamfundisha kazi, na duka likasimama.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, tena mkali wa ghafla. Hakuvumilia kichaka. Ua wa jirani ukirefuka kidogo, Sajenti huyo na panga, anakata bila ruhusa, na ugomvi wa kufikishana kwa mwenyekiti wa mtaa ulitokea zaidi ya mara moja. Migomba ya Mayu nyuma ya nyumba hakuisogelea hata siku moja. Alipenda mawe. Jioni alipanda juu ya lile jabali kubwa nyuma ya nyumba zetu, anakaa huko analiangalia ziwa, na ukimuuliza anaona nini anakwambia haoni kitu, ndiyo maana anapenda. Mtu aliyepigana vita namna ile hakuweza kuchinja kuku. Alikuja na kuku wake mkononi kwangu, ananikabidhi, anageuka kuangalia barabara.

Krismasi moja vijana walilipua fataki nje ya kanisa watu wakiwa wanatoka. Sajenti alikuwa na suti yake ya kijivu. Nilimwona akienda chini, kifudifudi, mikono imefunika kichwa, kabla hata sijasikia mlio wenyewe. Watu waliangua kicheko. Akainuka, akajipangusa, akacheka nao, akamwambia kijana mwenye fataki, "Umenipata." Goti la suruali lilichanika nikamshonea bila malipo, na kanisani hakuonekana mpaka karibu Kwaresima.

Sasa hizo Jumamosi. Alitoka kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, anarudi na sato wabichi, anawaparua magamba mwenyewe pale uani, anawaosha, anamkabidhi Mayu beseni kwa mikono miwili. Kisha anakaa kwenye kigoda. Wanazungumza bei ya pamba enzi za baba yetu, mvua, ng'ombe, nani kazikwa. Walipatana, wale. Mayu alimtania kwamba anaparua samaki kama anamnyoa mchungaji. Ila kila Jumamosi, mwishoni, Mayu alikunja khanga yake magotini, akauliza kwa upole ule ule, "Baba, na mwanangu?"

Sajenti anainuka. "Mama, ngoja niangalie lile bati la pembeni, naona kama limelegea."

Kila mara bati! Sidhani kama Nyakato nzima kulikuwa na nyumba iliyopigiliwa misumari kama yetu. Siku moja Mayu alimwambia akiwa juu ya ngazi, "Sajenti, bati limepona. Nitibu na mimi." Nyundo ilisimama. Halafu ikaendelea.

Nilimfuata mara nyingi kumgombeza. Nilimwambia ni ukatili. Nikamwambia kama Makoye alikimbia akapigwa mgongoni, sema. Kama mlimuua wenyewe kwa bahati mbaya, sema, mambo hayo hutokea, tumeyasikia. Alitikisa kichwa kwa yote. Hakukimbia, hakuna wa kwetu aliyemuua. Basi ni nini? Anaangalia ziwa.

Ndipo Mayu akaugua. Alianza na maumivu ya tumbo aliyoyaficha, kama kina mama wote wanavyoficha, mpaka siku aliposhindwa kunyanyuka mkekani. Hospitali wakaona uvimbe. Daktari, kijana mpole, akatueleza vizuri: upasuaji unawezekana, ufanyike mapema, ukichelewa itakuwa habari nyingine. Nikashukuru Mungu. Nikaanza kupanga nani atalala naye wodini. Kumbe Mayu ana yake.

"Sipandi hicho kitanda," akasema tulipofika nyumbani. "Mtu anaweza kulazwa usingizi asiamke. Nikikutana na Makoye huko, akiniuliza mama, unajua yaliyonipata, nimjibu nini? Kwamba nilikuwa nakula samaki?"

Shangazi walikuja, wakalia, wakaondoka. Paroko alikuja. Mayu aliwaitikia wote vizuri, akawaandalia chai kwa shida, na jibu likawa lile lile. Sajenti aniambie kwanza.

Nilipanda lile jabali mchana kweupe, na gauni la kazini, viatu mkononi. Nilimkuta amekaa. Sikumsalimu. Nikamwambia yote, uvimbe, daktari, kitanda. Nikamwambia, "Mama yangu anakwenda kufa kwa ajili ya mdomo wako."

"Nikimwambia, nitamuua kabla ya huo uvimbe."

"Usipomwambia atakufa, na nitajua ni nani aliyemuua. Nitakusema mtaa mzima. Haki ya Mungu nitakusema."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yalikuwa mekundu. "Fundi, hujui unachokiomba. Ni jambo dogo. Lingekuwa kubwa ningelisema zamani." Akaniomba nimpe mpaka Jumamosi.

Jumamosi alikuja mikono mitupu. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini mkekani, karibu na miguu ya Mayu aliyekuwa kwenye kiti chake cha kamba. Mimi nilisimama mlangoni. Alianza bila utangulizi, kama mtu anayetoa taarifa kwa wakubwa, macho ameyaelekeza ukutani.

"Mama, tulikuwa tumelala kando ya njia tangu giza. Tunavizia. Kuvizia maana yake unalala kwenye tope, hukohoi, hujikuni, siafu akikung'ata unamwacha amalize. Amri ni moja, hakuna anayefyatua wala kutoa sauti kabla yangu. Makoye alikuwa kushoto kwangu. Karibu hivi." Akagusa mguu wa kile kiti. "Wakaja. Lakini wa mbele hakuwa wa kwao. Walikuwa na tabia ya kuwachukua wanakijiji wawabebee mizigo, na mtu mzima wanamtanguliza, wanajua tukimwona tutasita. Yule alikuwa mzee kabisa. Gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, anatembea ameinama. Na wao nyuma yake, wamembana, hakuna nafasi ya kumwacha apite kwanza. Nikisema niwaache wote, kesho wako kijiji kinachofuata, na kijiji walichotoka nilikuwa nimekiona. Nimekizika, mama. Basi nikaamua. Nilikuwa nimeshaamua. Kidole kiko tayari."

Akaugusa tena mguu wa kile kiti.

"Mzee alipofika mbele yetu, Makoye akasema, 'Shikamoo, mzee.'"

Nilidhani sikusikia vizuri. Mayu hakutikisika.

"Hakunong'ona. Sauti ya kawaida, kama mtu anapishana na mtu hapo barabarani. Mzee akashtuka, akatupa mzigo, akajirusha kwenye mteremko. Wale wakapiga risasi pale sauti ilipotokea. Makoye alipigwa na zile za mwanzo, hakuteseka, nakuapia. Tukajibu. Tulipigana mpaka jua likapanda, wakakimbia. Kwetu hakufa mwingine." Hapo sauti yake ikabadilika, taarifa ikaisha, akabaki mtu. "Alikuwa hajalala siku kadhaa, mama. Akili imechoka. Akamwona mtu mzima, mdomo ukafanya ulichozoeshwa nyumbani. Askari wa nchi nyingine hawezi kukosea hivyo. Ni mtoto wa Kitanzania tu aliyelelewa vizuri. Mimi kosa lile sikulipeleka kokote. Wakubwa niliwaambia tulionekana, na wenzake niliwakataza kulitaja, ili jina lake lisichafuke. Na wewe sikutaka ujue kwamba adabu uliyompa ndiyo iliyomuua. Ndiyo hilo tu. Ndilo nililokuwa nalificha."

Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nalia, lakini katikati ya kulia nikahisi kitu hakikai sawa. Nikamwangalia Mayu, na nikaona na yeye amekiona.

"Na yule mzee?" akauliza.

"Alipona. Tulimkuta huko chini amejikunja, amechunwa na miiba tu. Kule salamu hiyo hawaitumii. Alituuliza yule kijana alikuwa anamwambia nini."

"Mkamjibuje?"

"Hatukumjibu."

Mayu akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, kilichomuumiza tumbo mpaka akajishika. Sajenti akainua uso ameogopa, na mimi nikaogopa pia, nikidhani ndiyo yale aliyoyasema, kwamba habari hii itamuua.

"Baba," akasema, "unamzungumzia Makoye yupi? Makoye wangu amwamkie mtu?"

Hapo ndipo nikaelewa kilichokuwa hakikai sawa, nikakaa kizingitini. Makoye hakuwa anaamkia watu. Mtaa mzima unajua! Ilikuwa aibu ya nyumba yetu. Akimwona mtu mzima anakuja, alizunguka nyuma ya nyumba, au alisimama ameinamisha kichwa, midomo imefungwa kama mfuko wa shati uliopigwa kifungo. Hakuwa na kiburi, lile neno lilimkwama tu, tangu mtoto. Mayu alimchapa, akambembeleza, akampeleka kuombewa. Kwenye harusi yangu wazee wa upande wa mume wangu walipangwa kwenye viti, Makoye akawapa mkono wote, mmoja mmoja, bila kutoa sauti, na nililisikia jambo hilo kwa wakwe mpaka mtoto wangu wa kwanza alipoanza shule. Alipokwenda jeshini mjomba wetu alikataa kumuaga kwa sababu hiyo.

Mayu alimweleza Sajenti yote hayo, taratibu, bila kuharakisha. Kisha akasema, "Miaka yote nililitafuta hilo neno kwenye kinywa cha mwanangu sikulipata. Leo unaniambia lilimponyoka kwa sababu ya usingizi? Halikumponyoka, baba. Alilitoa mwenyewe, na najua lilivyomgharimu kulitoa. Alimwona mzee anakwenda kuuawa. Akakuona na wewe pale pembeni, na kidole chako."

Uani palikuwa na kuku wanaparua, nakumbuka, na redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira. Sajenti alikuwa anaangalia mikono yake.

"Una hakika, mama?"

"Nimemzaa mimi."

Hakumfokea. Ningekuwa mimi ningemfokea, maana lilinipanda moyoni, kwamba alikuwa tayari kumpiga mzee wa watu risasi na mdogo wangu ndiye aliyelipa. Mayu aliweka mkono begani mwa Sajenti akauacha hapo muda mrefu. Halafu akaniita, akaniambia nimpigie simu yule daktari kijana, nimuulize siku gani ana nafasi.

Alipasuliwa, na yupo. Anatembea, anakula, ananigombeza kuhusu chumvi. Akipata mgeni mpya anamsimulia kwamba mwanawe alimwamkia mzee huko Kongo, na anavyosimulia utadhani Makoye kapata digrii.

Sajenti hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Hospitali alifika, akasimama mlangoni mwa wodi Mayu akiwa bado amelala, akaondoka. Nilidhani anaona aibu. Nilimtumia salamu, nikapika nikampelekea, nikakuta amefunga mlango. Kisha nikasikia anahamia Geita kwa binti yake.

Tulionana mara ya mwisho Nyegezi. Nilikuwa dukani kwangu pale karibu na stendi, asubuhi yenye jua kali, nikamwona anapita na begi moja begani. Nikatoka mbio na futi yangu ya kupimia shingoni. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Sajenti, ndiyo unaondoka hivi? Mama anakuulizia kila Jumamosi. Hana kinyongo na wewe. Na mimi kilichokuwepo kimekwisha."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana siwezi."

Kondakta alikuwa anapiga bodi la gari, Geita, Geita, twende. Nikamwambia sielewi. Miaka yote alikuja akiwa na siri tumboni, akakaa, akala, akacheka. Leo hana siri, ndiyo anakimbia?

Akaliweka begi chini. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilisikia funguo zikilia mfukoni mwake, suruali mpya ya dukani, hakuileta kwangu.

"Fundi, unajua nilikuwa nakuja kufanya nini pale kwenu?" akasema. "Wale samaki, yale mabati. Nilikuwa nimemsamehe yule kijana kosa la ile salamu. Kila Jumamosi nilikuwa namsamehe."